Vasudeva Kabla ya Filimbi: Hotuba Kuhusu Wabhagavata wa Kale

Waheshimiwa walimu, wanafunzi, na ninyi nyote mlioitika mwaliko, asanteni kwa kuja.

Likitajwa jina la Krishna, wengi wetu huona picha ile ile: kijana wa rangi ya samawati, unyoya wa tausi kichwani, filimbi mdomoni, ng'ombe wamemzunguka. Ni picha nzuri, na mamilioni ya waja wanaipenda kwa haki. Lakini si picha ya kwanza. Wale walioanza kumwabudu walimwita Vasudeva. Walimchora akiwa amesimama na silaha mikononi. Tena mara nyingi hawakumtaja peke yake: alikuwa na kaka yake, na katika maandishi kadhaa ya kale jina la kaka ndilo linalotangulia. Waabudu hao ndio Wabhagavata, na ndio nitakaowazungumzia leo.

Nitaanza na mawe na sarafu, vitabu vije baadaye. Utenzi mkubwa wa Mahabharata ulikua kwa mamia ya miaka, kila kizazi cha wasimulizi kikiongeza chake, hata si rahisi kusema beti fulani ni ya karne gani. Jiwe likishachongwa halinakiliwi upya. Linabaki na herufi za siku yake, nasi kwa umbo la herufi hizo tunalikadiria umri.

Twendeni Besnagar, karibu na mji wa Vidisha, katika jimbo la Madhya Pradesh, katikati ya India. Hapo imesimama nguzo ya jiwe ambayo wenyeji huiita Khamb Baba. Sehemu yake ya chini ina pande 8, juu yake pande 16, halafu 32, kisha inakuwa mviringo. Mwaka 1877 mwanaakiolojia Alexander Cunningham aliichunguza, lakini jiwe lilikuwa limefunikwa na tabaka nene la rangi nyekundu iliyopakwa na waabudu miaka nenda miaka rudi. Kwa umbo lake akaikadiria kuwa ya zama za wafalme wa Gupta. Rangi ilipobanduliwa mwaka 1909, yakatokea maandishi ya Brahmi, hati ya kale ya India, katika lugha ya Kiprakriti, mistari 7 upande mmoja na mistari 2 upande mwingine, ikawa dhahiri kwamba nguzo hiyo ina umri mkubwa zaidi ya makadirio yale kwa karne nyingi. Ni ya mwishoni mwa karne ya 2 KK.

Mistari ile saba inaeleza kwamba nguzo hii ya Garuda, yule ndege amchukuaye Mungu, imesimamishwa kwa heshima ya Vasudeva, mungu wa miungu. Aliyeisimamisha ni Heliodorus mwana wa Dion, mtu wa Taxila, mji wa kaskazini magharibi, balozi wa Kigiriki aliyetumwa na Mfalme Mkuu Antialcidas kwa Mfalme Bhagabhadra, katika mwaka wa 14 wa utawala wa Bhagabhadra. Na balozi huyo anajitambulisha kwa neno moja la imani: Bhagavata, yaani mja wa Bhagavat, Bwana Mtukufu.

Mistari miwili ya upande wa pili ni fundisho. Inasema kuna hatua tatu za kutokufa ambazo, zikifuatwa vizuri, humpeleka mtu mbinguni: kujitawala, kujinyima na kuwa macho. Fundisho hilo hilo, lenye mambo hayo hayo matatu, limo pia katika Mahabharata. Mgeni huyu basi hakuwa anatoa zawadi ya kidiplomasia tu. Alikuwa amefundishwa maneno ambayo waja wenzake waliyajua kwa moyo.

Hapa kuna kosa ambalo hurudiwa mara kwa mara, nami naomba tuliepuke. Watu husema Heliodorus alibadili dini, kana kwamba palikuwa na dini moja iitwayo Uhindu yenye mlango wa kuingilia na wa kutokea. Maandishi hayasemi kwamba aliiacha miungu ya kwao. Yanasema yeye ni Bhagavata. Kulikuwa na jumuiya ya waja wa Vasudeva, ilikuwa na jina lake, na ilimpokea mtu wa lugha na damu nyingine akasimama hadharani kama mmoja wao. Hilo ni kubwa, wala halihitaji kutiwa chumvi.

Nguzo ile haikusimama jangwani. Wanaakiolojia walipochimba kati ya 1963 na 1965 waliukuta msingi wa jengo la ibada lenye umbo la yai, la kale kuliko nguzo yenyewe, lililokuwa na nguzo za mbao na likaharibiwa na mafuriko. Baadaye watu wa hapo walijaza udongo, wakanyanyua kiwanja, wakajenga tena juu yake. Walikuta pia mashimo ya nguzo nyingine zilizokuwa zimepangwa safu moja na ile ya Heliodorus. Na vichwa vya nguzo vilivyopatikana Besnagar vinatuambia zaidi: kimoja kina umbo la mtende, ishara ya Samkarshana, yule kaka, na kingine umbo la makara, mnyama wa majini wa hadithi za kale, ishara ya Pradyumna, mwana wa Vasudeva. Balozi wa Kigiriki alikuta uwanja wa ibada uliokwisha kuzoeleka, wenye familia nzima ya watukufu.

Sasa tumtazame huyo kaka. Mwaka 1970 wanaakiolojia wa Kifaransa waliokuwa wakichimba Ai-Khanoum, kaskazini mwa Afghanistan, walipata sarafu 6 za fedha za mfalme wa Kigiriki Agathocles, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 2 KK. Upande mmoja umeandikwa Kigiriki, na juu yake amesimama Samkarshana ameshika rungu na plau. Upande wa pili umeandikwa kwa Brahmi, na hapo yupo Vasudeva na gurudumu la vita pamoja na kombe la bahari, lile lipulizwalo kama baragumu. Hizi ndizo picha za kale zaidi za hawa wawili ambazo tarehe yake inaeleweka vizuri. Hakuna filimbi, hakuna ng'ombe. Mfalme hachongi mungu kwenye fedha yake ili kuwapendeza watu wachache. Kwa hiyo wakati huo ibada hii ilikuwa imeshafika mipaka ya kaskazini magharibi na ilikuwa na wafuasi wa kutosha kiasi cha kumfaa mtawala.

Huko Rajasthan, karibu na Chittorgarh, kuna maandishi ya Ghosundi na Hathibada ya karne ya 1 KK. Mfalme aitwaye Sarvatata, aliyekwisha fanya kafara ya farasi ya Kiveda, yaani ya Veda, maandiko matakatifu ya kale ya India, anasema amejenga ukuta wa mawe kuzunguka mahali pa ibada ya Samkarshana na Vasudeva, katika bustani ya Narayana. Kaka ametangulia. Katika pango la Naneghat, kwenye njia ya mlimani huko Maharashtra, maandishi ya nyumba ya kifalme ya Satavahana yanaanza kwa kuwasalimu Dharma, Indra, Samkarshana na Vasudeva, Mwezi na Jua, pamoja na walinzi wa pande nne za dunia. Tena kaka ametangulia.

Kwa nini? Kwa sababu walikuwa ndugu wa ukoo, na katika ukoo aliye mkubwa kwa umri hutajwa kwanza. Ukoo wenyewe ni wa Wavrishni, watu wa Mathura, mji ulio kando ya mto Yamuna. Katika kijiji cha Mora, magharibi mwa Mathura, limepatikana jiwe la mwanzoni mwa karne ya 1 BK, la wakati wa mtawala Sodasa, linalozungumzia sanamu za mashujaa watano watukufu wa Wavrishni zilizowekwa katika nyumba ya mungu iliyojengwa kwa mawe. Vayu Purana, kitabu cha simulizi za kale, inatupa majina matano: Samkarshana, Vasudeva, Pradyumna, Samba na Aniruddha. Hao ni ndugu wawili, wana wawili wa Vasudeva, na mjukuu mmoja, maana Aniruddha ni mwana wa Pradyumna. Jambo lililoanza kama heshima kwa mashujaa wa ukoo likawa ibada, na ibada ikavuka mipaka ya ukoo.

Ushahidi wa vitabu unakubaliana na huu wa mawe. Panini, mwanasarufi mkuu wa Kisanskriti aliyeishi karibu na karne ya 5 au ya 4 KK, ana kanuni ya kuunda jina la mtu ambaye bhakti yake, yaani mapenzi na utii wake, iko kwa Vasudeva au kwa Arjuna, shujaa wa Mahabharata. Miaka mia mbili hivi au zaidi baadaye, Patanjali anaifafanua kanuni hiyo. Anauliza: majina ya watu wa tabaka la wapiganaji yana kanuni yao nyingine, mbona Vasudeva ametajwa pekee? Na jibu moja analolitoa ni kwamba hapa si jina la mpiganaji tu, bali ni jina la Mtukufu. Patanjali huyo huyo anataja ngoma na makombe yakipigwa katika mahekalu ya Rama, ambaye hapa ni yule kaka, na Keshava, ambalo ni jina lingine la Krishna. Nayo Mahaniddesa, maandiko ya Kibuddha ya lugha ya Kipali, inapoorodhesha watu wanaoshika nadhiri mbalimbali inawataja wa Vasudeva na wa Baladeva, jina lingine la yule kaka, bega kwa bega na wenye nadhiri za tembo, farasi, ng'ombe, mbwa na kunguru. Mtunzi hakuwapenda, lakini aliwaona.

Hatua iliyofuata ni ya muungano. Kulikuwa na Narayana, jina la kale katika vitabu vya Kiveda. Shatapatha Brahmana inamsimulia Purusha Narayana akitaka kuvishinda viumbe vyote na kuwa vyote, akafanya ibada ya siku tano iitwayo pancharatra. Kulikuwa na Vishnu wa Rigveda, aliyepiga hatua tatu akaenea ulimwengu mzima. Na kulikuwa na Vasudeva wa Mathura. Katika Taittiriya Aranyaka, sehemu ya kumi ambayo imechelewa kuliko nyingine, iko sala moja fupi inayowaunganisha watatu hao: tumjue Narayana, tumtafakari Vasudeva, Vishnu atuongoze. Sala hiyo husomwa hadi leo. Kwa njia hiyo shujaa wa ukoo alipata nasaba ya Kiveda, na mungu wa Kiveda akapata uso, jamaa, na mji ambao mtu angeweza kuutembelea.

Muungano huo haukuja bila mvutano, na mahali pazuri pa kuuona ni sehemu ya Mahabharata iitwayo Narayaniya, ndani ya kitabu cha 12. Humo mna kisa cha Mfalme Vasu Uparichara, mja wa Narayana. Vasu alifanya kafara ya farasi bila kuua mnyama yeyote. Sadaka zote zilikuwa mazao ya porini. Mungu akaja akachukua fungu lake bila kuonekana, na kuhani Brihaspati akakasirika, akitaka amwone apokeaye. Wenye hekima wakamtuliza: haonekani na kila mtu, bali na yule amwelekeaye yeye peke yake. Kisha kinafuata kisa cha pili. Miungu na wenye hekima wakabishana kuhusu kafara, hawa wakisema itolewe mbuzi, wale wakisema itolewe nafaka. Wakamwomba Vasu awaamue. Vasu, aliyekuwa akiruka angani, akaipendelea miungu akasema mbuzi. Hapo hapo akaanguka kutoka angani, ardhi ikammeza. Hakuacha kumwabudu Narayana huko chini shimoni, na mwishowe Garuda akatumwa kumtoa.

Nimekaa kidogo kwenye kisa hiki kwa sababu ndicho kiini cha maadili ya Wabhagavata. Hawakuikana Veda. Mfalme Sarvatata wa Ghosundi alikuwa na kafara ya farasi na ukuta wa Vasudeva kwa pamoja. Ila waliibadilisha maana ya kutoa: nafaka badala ya damu. Vasu aliadhibiwa kwa hukumu ya upendeleo, si kwa kukosea utaratibu wa kafara, na kilichomwokoa ni kule kushikamana na Mungu wake. Wafuasi wa njia hii huitwa katika Narayaniya ekantin, watu wa kumwelekea mmoja tu.

Bhagavad Gita, sehemu ya Mahabharata yenye beti 700 katika sura 18, ndiyo iliyoyatia maneno hayo mdomoni mwa kila mtu. Katika sura ya 9 Krishna anasema jani, ua, tunda au maji, akipewa kwa mapenzi, anapokea. Vitu vinne, na hakuna hata kimoja kinachomhitaji mtu awe tajiri. Beti chache mbele anasema wanaomkimbilia, wakiwa wanawake, vaishya (tabaka la wakulima na wafanyabiashara) au shudra (tabaka la watumishi), nao wanaufikia mwisho wa juu kabisa. Tusisome hapo usawa wa kisasa wa kijamii, maana Gita hiyo hiyo inamtaka kila mtu ashike wajibu wa tabaka lake. Jambo linalofunguliwa ni njia ya wokovu. Na katika sura ya 10, akijitaja kuwa kilele cha kila aina ya vitu, anasema: katika Wavrishni, mimi ni Vasudeva. Utenzi haukuusahau ukoo.

Mchunga ng'ombe amefika lini basi? Simulizi kamili ya utoto wake kati ya wafugaji inapatikana katika Harivamsha, nyongeza ya Mahabharata iliyotungwa katika karne za mwanzo baada ya Kristo, na inapanuka zaidi katika Vishnu Purana, kisha Bhagavata Purana. Ilipoenea, Samkarshana akawa Balarama, kaka msaidizi, na mpangilio wa majina ukageuka.

Sasa niingie kwenye itikadi, kwa sababu hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Miongoni mwa Wabhagavata lilikua tawi lililoitwa Pancharatra, jina lenye mwangwi wa zile siku tano za Narayana. Swali lao lilikuwa gumu: Mungu aliye juu ya kila kitu, asiyebadilika, anaikaribiaje dunia bila kupungua? Jibu lao walilijenga kwa kutumia jamaa wale wale wa Mathura. Samba akatoka katika safu, wakabaki wanne: Vasudeva, Samkarshana, Pradyumna, Aniruddha. Wanne hao wakaitwa vyuha, yaani mipangilio ya Mungu mmoja.

Mungu ana sifa sita: elimu, enzi, uwezo, nguvu isiyochoka, ushujaa usiobadilika, na mng'ao usiohitaji msaada. Vasudeva anazo zote sita kwa ukamilifu. Kwa Samkarshana zinadhihirika mbili, elimu na nguvu. Kwa Pradyumna, enzi na ushujaa. Kwa Aniruddha, uwezo na mng'ao. Msidhani zile nne nyingine zimekosekana; zipo, ila hazijitokezi. Anayesoma vyuha kama miungu wanne tofauti ameshakosea tangu mwanzo, na anayewasoma kama hadithi ya familia tu hataelewa kwa nini wanafalsafa walipigania jambo hili kwa karne kadhaa.

Baadaye wakaeleza namna tano za kuwapo kwa Mungu: katika utukufu wake wa juu, katika vyuha, katika kushuka duniani kama Rama (wa utenzi wa Ramayana, si yule kaka) au Krishna, ndani ya moyo wa kila kiumbe, na katika sanamu iliyowekwa wakfu. Namna ya tano ndiyo waliyoiona kuwa ya ukarimu mkubwa kuliko zote, kwa sababu hapo Mungu anakubali kuogeshwa, kuvishwa na kulishwa na mikono ya mwanadamu, kwa saa na mahali ambapo mwanadamu amepanga.

Ndiyo maana vitabu vyao, viitwavyo samhita, vina maelekezo mengi ya kazi kuliko falsafa. Mapokeo husema viko 108. Majina yaliyoorodheshwa na wataalamu yanapita 200. Vitatu vinavyoheshimiwa zaidi ni Sattvata, Paushkara na Jayakhya. Tena tuwe waangalifu: samhita hizi zimeandikwa karne nyingi baada ya nguzo ya Besnagar. Asije mtu akachukua kanuni za Jayakhya akasema hivi ndivyo alivyosali Heliodorus.

Siku ya mja imegawanywa mara tano. Asubuhi ni kumkaribia Mungu kwa sala na kusujudu. Kabla ya mchana ni kukusanya vitu vya ibada: maua, matunda, majani ya mrehani mtakatifu wanaouita tulasi. Mchana ni ibada yenyewe. Alasiri ni kusoma maandiko. Usiku ni kutafakari. Kukusanya vitu kumehesabiwa kuwa sehemu ya ibada, na hili ni jambo la kuangaliwa. Anayeingia bustanini kuchuma maua tayari yuko kazini.

Ibada ya mchana ina mpango usiopinduliwa. Kwanza mja anausafisha mwili wake kwa fikra: anaiona ardhi iliyomo mwilini ikiyeyukia majini, maji motoni, moto hewani, hewa angani, mwili wa zamani unateketea, na mpya unaumbwa safi. Pili, anaweka maneno matakatifu mikononi na viungoni mwake kwa kugusa. Tatu, anamwabudu Mungu moyoni, akimtolea kila kitu kwa mawazo. Nne ndipo anaigeukia sanamu. Mwisho ni sadaka ya motoni. Anayerukia hatua ya nne, kwa mujibu wa mafundisho haya, anaogesha jiwe, kwa sababu yule aliye ndani ya moyo hajakaribishwa bado, na mtu asiyetakaswa hana anachoweza kumpa Mungu.

Huduma mbele ya sanamu huhesabiwa 16. Orodha hutofautiana, lakini ya kawaida ni hii: kumkaribisha, kumpa kiti, maji ya miguu, maji ya mikono, maji ya kusukutua, kumwogesha, nguo, uzi mtakatifu, manukato ya mti wa sandali, maua, ubani, taa, chakula, tambuu, kumzunguka, na kusujudu. Mtu wa pwani ataitambua mara moja: ni heshima apewayo mgeni mkubwa anapoingia nyumbani. Kuogesha kwa sherehe hutumia vitu vitano: maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, kisha maji safi. Neno la sala lina silabi 12, Om namo bhagavate vasudevaya, na jina la shujaa wa ukoo wa Mathura bado limo ndani yake.

Kuingizwa katika njia hii nako kuna mambo matano. Mhuri wa chuma uliopashwa moto, wenye alama ya gurudumu, huwekwa bega la kulia, na wa kombe bega la kushoto. Alama ya wima huchorwa kwenye paji la uso na sehemu nyingine za mwili, jumla 12, kila moja kwa jina moja la Mungu. Kisha mtu hupewa jina jipya la utumishi, hupewa maneno matakatifu, na hufundishwa kuabudu.

Na mambo yakiharibika? Samhita hazikujifanya kwamba makuhani hawakosei. Sanamu ikipasuka au hekalu likihitaji matengenezo, nguvu ya kimungu huhamishwa kwanza, kwa ibada maalumu, kwenda kwenye chombo cha maji au sanamu ya muda katika hekalu dogo la pembeni. Kung'oa tofali kabla ya kuhamisha ni kosa zito. Sanamu isiyotengenezeka huzamishwa kwenye maji yenye kina. Ama makosa madogo ya kila siku, maneno yaliyorukwa, saa iliyopita, ua lililonyauka, hayo yana dawa yake ya mwaka: sherehe ya pavitra. Katika miezi ya mvua, makuhani hutengeneza mashada ya nyuzi za pamba au hariri yenye mafundo yaliyohesabiwa, wakayavisha sanamu, ili ibada yote iliyopungua mwaka mzima ijazwe. Naipenda sana sehemu hii ya mapokeo. Inakiri udhaifu wa mtumishi na wakati huo huo haimwachi avunjike moyo.

Wafalme waliipokea njia hii mapema. Chandragupta wa Pili, wa nasaba ya Gupta, mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzoni mwa ya 5, alijiita paramabhagavata, Bhagavata mkuu, na warithi wake wakafuata. Mapango ya Udayagiri, yenye sanamu kubwa ya Vishnu katika umbo la nguruwe mwitu akiinyanyua dunia, yapo mwendo mfupi tu kutoka kwenye nguzo ya Heliodorus.

Wanafalsafa hawakuwa wepesi hivyo. Shankara, katika karne ya 8, aliikubali ibada ya mara tano na akakubali kwamba Narayana ni mkuu. Alichokikataa ni fundisho kwamba kutoka kwa Vasudeva huzaliwa Samkarshana ambaye ni roho ya mtu, kutoka kwake Pradyumna ambaye ni akili, na kutoka kwake Aniruddha ambaye ni umimi. Hoja yake ni kali: kilichozaliwa hufa, na ikiwa roho imezaliwa, basi wokovu wake ungekuwa kutoweka. Wengine walishambulia watu badala ya hoja, wakidai kwamba makuhani wa Bhagavata si Brahmana wa kweli, yaani si wa tabaka la makuhani, kwa sababu wanaishi kwa mapato ya hekalu na wanakula kilichotolewa kwa sanamu.

Yamuna, mwalimu wa kusini mwa India, aliandika Agamapramanya kuwatetea, akashughulikia mashambulizi yote mawili, ya hoja na ya nasaba. Ramanuja aliyemfuata akamjibu Shankara moja kwa moja: hakuna roho inayozaliwa hapa. Samkarshana, Pradyumna na Aniruddha ni Mungu mwenyewe akijivika umbo kwa hiari yake kwa ajili ya waja, na wanaitwa roho, akili na umimi kwa kuwa ndio wasimamizi wa vitu hivyo. Ukikumbuka zile sifa sita nilizotaja, utaona jibu hilo lilikuwa tayari limeandaliwa na mafundisho ya vyuha. Hekalu kubwa la Srirangam, kwenye kisiwa cha mto Kaveri huko Tamil Nadu, linaendesha ibada kwa utaratibu wa Pancharatra mpaka leo. Tirumala, hekalu maarufu la Venkateshvara, linafuata utaratibu mwingine, wa Vaikhanasa; wote wanamwabudu Vishnu, lakini mtu akichanganya vitabu vya ibada vya pande hizi mbili makuhani watamsahihisha papo hapo.

Ramanuja anatufikisha karibu na kwetu. Sahajanand Swami, anayejulikana kama Swaminarayan, katika Shikshapatri aliyoiandika Gujarat mwaka 1826, alitangaza kwamba falsafa anayoifuata ni ile ya Ramanuja. Wafuasi wake kutoka Kutch na Kathiawar, maeneo ya Gujarat, walivuka bahari na kujenga mahekalu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Anayetaka kuona taa ikizungushwa mbele ya sanamu na chakula kikigawiwa waja baada ya kutolewa aende wakati wa arati, asubuhi au jioni. Avue viatu mlangoni, avae nguo za heshima, na aulize kwanza kabla ya kupiga picha.

Nimemaliza. Kama kuna maswali, hasa juu ya vyuha, nipo tayari kuyapokea.